Futi Saba Kasoro

Benki imenituma Duluth, mtaa wa juu mlimani,
nyumba ya mbao ya kijani, theluji ya Machi ingali kizingitini.
Bibi Aune Hietala amefungua kabla sijabisha.
Ameoka mkate wa iliki. "Vua buti," anasema,
"halafu pima unachotaka."

Lakini sisi wathamini huanzia nje:
kona hadi kona, ukuta hadi ukuta,
nyumba kama sanduku lisilofunguliwa.
Nyumba njema si mlango, najua,
ila mimi ninalipwa kwa kuta.

Sakafu ya kwanza haina ubishi. Futi za mraba mia nane na kumi na mbili.
Ubishi umelala darini.

Ngazi nyembamba, bega linasugua mbao.
Huku juu marehemu Reino alitoboa masika matatu na baridi zake
kila alipotoka zamu gatini, vumbi la chuma kwenye nyusi:
mwerezi uliopigwa randa mpaka ukawa rangi ya asali,
droo kati ya kombamoyo na kombamoyo,
vitanda vilivyopachikwa ukutani,
na taa ndogo kwa kila mto.
Mabinti wanne walilala hapa.

Natoa leza. Katikati kabisa, chini ya boriti kuu:
futi sita, inchi kumi na moja.
Nasogea. Napima tena. Napima mara ya tatu,
kama mtu anayesaka ufunguo katika mfuko aliokwisha kuukung'uta.
Sita, kumi na moja.

Kanuni inataka saba.
Inchi moja. Upana wa kidole gumba cha fundi.
Napiga goti, nainua pembe ya zulia,
naiona: sakafu juu ya sakafu,
mbao alizoongeza
ili nyayo za wanawe zisiumwe na baridi.

Nimekaa pale chini muda kidogo.

Kule chini ya nyumba kuna mengine: chumba cha mvuke, jiko la pili,
dirisha pana linalolitazama ziwa lote mpaka linapokwisha macho.
Kuta tatu zimo udongoni, moja ina jua.
Kanuni haiulizi jua.
Palipozama ukuta, orofa nzima imezama.

"Kwa hiyo nina vyumba vingapi vya kulala?"
"Kimoja, mama."
Anakata mkate, anacheka mpaka kisu kinatua.
"Wanne, katika chumba kimoja! Reino angejisifu."
Kisha hacheki. Mkopo ni wa paa.
Linavuja juu ya mwerezi.

Namweleza: haipotei yote. Darini patapata mstari wake,
chini ya ukurasa, mbali na jumla,
na bei yake, ndogo, kama ya mtu wa kufikia.
Nitatafuta nyumba tatu zilizouzwa karibu
zenye chumba kama hiki. Sidhani zipo.
Soko halijawahi kuulizwa kuhusu Reino.

"Na wewe?" anasema. "Wewe umeulizwa."

Sikuwa na jibu lenye kisanduku cha kutia alama.

Narudi darini kupiga picha, pembe nne, kama itakiwavyo.
Kwenye mteremko wa dari kuna alama za penseli:
Tuulikki, Helmi, Saima, mdogo wao Irja,
mwaka baada ya mwaka, kimo baada ya kimo,
na kila alama iko hatua moja karibu zaidi na katikati,
maana paa liliwasukuma huko walivyokua.
Ya mwisho iko kwenye boriti yenyewe. Tuulikki, futi tano na nane.
Juu yake pamebaki nafasi ya kofia.

Nimeipiga picha hiyo pia.
Ripoti haina mahali pake.
Nimeiweka ukurasa wa tisa, baada ya tanuru,
bila maelezo.